Yah: Kushuka kwa Kingamwili Zangu na Kuhamishwa kwa Mama Mzazi

Chumba cha Kufulia,
Ghorofa ya chini, mkabala na jiko.

Kwa Daktari Mtafiti Mkuu,
Utafiti wa Kingamwili Baada ya Chanjo ya Korona,
Ghorofa ya pili.

Mheshimiwa Daktari,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima na mwenye kingamwili za kutosha. Mimi pia ni mzima, ila za kutosha sina, na hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Mimi ni yule msimamizi wa chumba cha kufulia ambaye hospitali nzima inamwita Mama Mashuka. Katika utafiti wako ni mshiriki namba kumi na saba. Mshiriki namba kumi na nane ni mpishi wa hapa jikoni, ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja. Tulijiandikisha siku moja, tukachanjwa siku moja, na muuguzi mmoja, kutoka chupa moja. Tangu hapo, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi tunapanda kwako kutolewa damu, na wiki inayofuata msaidizi wako wa maabara anamletea kila mtu karatasi yenye namba yake.

Kwa heshima zote, naomba nikueleze jinsi karatasi hiyo ilivyoninyang'anya mama.

Mama yetu ana miaka themanini na moja na kifua chake si cha kuaminika. Amekaa kwangu miaka tisa. Mwezi wa kwanza baada ya chanjo namba yangu ilikuwa elfu mbili na mia nne, ya mdogo wangu elfu mbili na mia moja. Sikujisifu. Nilibandika tu karatasi kwenye mlango wa jokofu, mahali ambapo mgeni akiomba maji ya baridi lazima aione. Mwezi wa nne nikawa na elfu moja na mia mbili. Mwezi wa saba, mia tano na hamsini, nikaibandua. Mwezi uliopita nilibaki na mia mbili na kumi, wakati mdogo wangu ana elfu moja na mia tisa. Jokofu lake, kwa taarifa yako, ni kubwa kuliko langu.

Mwezi huohuo ugonjwa ukarudi mtaani. Kaka yetu mkubwa, ambaye ni mwalimu wa hesabu na anaishi mbali, akaitisha kikao cha familia kwa simu.

"Hapa hakuna ugomvi," akasema. "Mama akae na mwenye kinga kubwa. Nani anayo?"

Mdogo wangu alinyamaza kwa adabu, ile adabu ya mtu anayelijua jibu.

"Kaka, hata wataalamu wanasema namba si kila kitu," nikajitetea.

"Namba ni namba, mdogo wangu. Mia mbili na kumi. Elfu moja na mia tisa. Nikitoa hiyo kwa hiyo, kinabaki nini? Mama atahamia kwa mwenzio mpaka mambo yatulie."

Jumamosi gari likaja. Mama alikataa redio yake iwekwe nyuma, akaipakata. Kabla mlango haujafungwa alinishika shavu akaniambia, "Kula vizuri mwanangu, zitaota tena." Kana kwamba ni nywele. Leo ni wiki ya nne.

Kwa hiyo nawasilisha malalamiko yafuatayo.

1. Hesabu. Mashuka mia nne yakitoka kwangu kwenda wodini yanatoka kwa saini, na yakirudi yanarudi kwa saini. Likipotea moja, naitwa ofisini kujieleza. Kingamwili zangu zaidi ya elfu mbili zimeondoka bila saini ya mtu. Nilipomuuliza msaidizi wako zimekwenda wapi, akanijibu, "Zinapungua tu, mama. Ni kawaida, kwa kila mtu." Siku nitakayomjibu muuguzi mkuu kwamba mashuka yanapungua tu, ni kawaida, ndiyo siku ya mwisho mtaniona humu ndani.

2. Muda. Siku ya chanjo niliuliza kinga itadumu kwa muda gani. Nikaambiwa, "Miezi kadhaa, bado tunachunguza." Pasi yangu ya nyumbani ilikuja na dhamana ya miaka miwili, imeandikwa wazi, na pasi haiingii mwilini. Nani anajua kadhaa ni ngapi? Mimi nilidhani ni kuanzia kumi kwenda juu. Mdogo wangu alidhani ni tano au sita, ndiyo maana mwezi wa sita akakimbilia kuchoma chanjo ya nyongeza.

3. Hiyo nyongeza yenyewe. Ni kweli kwamba muuguzi alikuja mpaka mlangoni kwangu na kisanduku chake cha barafu, akaniita kwa jina mara tatu. Ni kweli pia kwamba nilikuwa nyuma ya mashine kubwa. Sikujificha. Nilikuwa nakagua mkanda wa mashine, na mkanda ule unahitaji kukaguliwa kwa dakika arobaini, hasa ukiukagua umechuchumaa. Utafiti wenye kujali haki ungemzuia namba kumi na nane asichome mpaka namba kumi na saba amalize ukaguzi.

4. Mazingira ya kazi. Kwangu kuna joto na mvuke tangu asubuhi. Nainua mashuka mabichi kutoka kwenye mashine kwa mkono uleule niliochomwa sindano. Kingamwili za mdogo wangu, kwa upande mwingine, zinashinda jikoni zikionja supu. Mtu yeyote mwenye akili anaona zipi zitachoka kwanza. Naomba ichunguzwe kama kingamwili zinazofanya kazi ya kuinua mizigo hazistahili likizo.

5. Maelezo yako mwenyewe. Wiki ileile mama alipoondoka nilikuja kukuona, na nakiri ulinipokea vizuri, ukanipa kiti. Ukasema, "Mama Mashuka, kingamwili zikishuka haina maana kwamba kinga yote imekwisha. Mwilini kuna seli zinazokumbuka. Virusi vikirudi, zinatengeneza kingamwili nyingine. Na sina namba ninayoweza kukuonyesha nikasema, juu ya hapa uko salama, chini ya hapa hauko." Nilifurahi karibu nikukumbatie. Nikakuomba uyaandike hayo, uyagongee muhuri, nimtumie kaka. Ukacheka, ukasema si kazi ya utafiti. Sasa mimi nauliza: kwa nini mnahesabu zile zinazoondoka, halafu zile zinazokumbuka hamziandiki kwenye karatasi? Kaka yangu anasoma karatasi tu. Hajawahi kusoma kitu ambacho hakijaandikwa.

6. Mdogo wangu. Zamani ni mimi niliyekuwa nampelekea salamu. Nilikuwa nachungulia dirisha la jikoni na kusema, "Mama anakusalimu, ameamka vizuri," naye anashukuru, anarudi kwenye sufuria zake. Siku hizi yeye ndiye anayekuja kwangu kuchukua aproni safi na kuniambia, "Dada, mama anakusalimu, ameamka vizuri." Maneno ni yaleyale. Sikujua kwamba yanauma hivyo upande wa kupokea. Nikaanza kumpa aproni zenye vifungo vilivyolegea. Ninalisema hili ili uone utafiti wako umenifikisha wapi.

7. Nyumba yangu. Nikifika jioni naita, "Mama, nimerudi!" kabla sijakumbuka. Hili halina maelezo mengine.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo, kwa mpangilio huu:

Kwanza, kingamwili zangu zihesabiwe upya mbele yangu, moja moja, mimi nikiwa na kalamu.

Hilo likishindikana, namba yangu na ya mdogo wangu zijumlishwe na kugawanywa kwa mbili, kwa kuwa sisi ni wa tumbo moja. Itakuwa elfu moja na hamsini na tano kila mtu, na kaka, kwa taaluma yake, hataweza kubisha.

Hilo nalo likishindikana, mdogo wangu akatwe mia tisa nipewe mimi. Bado atabaki na elfu moja, ambazo kwa mtu anayeonja supu ni nyingi mno.

Na kama sayansi haijafika huko, basi msaidizi wako akosee. Akosee mara moja tu, kwa nia njema, kwenye sifuri moja. Binadamu wote hukosea.

Nisipopata jibu hadi Ijumaa, nitalazimika kujitoa kwenye utafiti na kudai vichupa vyangu vyote kumi na kimoja vya damu, vikiwa vimejaa kama nilivyovitoa. Vilevile mashuka ya ghorofa ya pili yatakuwa yananyooshwa mwisho, baada ya mapazia.

Nakushukuru kwa muda wako. Nisalimie wauguzi wote wa ghorofa yako, yule mzee wa lifti, na mfagizi aliyenishika mkono siku nilipopata kizunguzungu baada ya kutolewa damu. Mwambie msaidizi wako nampenda kama mwanangu, ila namba zake sizipendi.

Wako katika kupungua,

Mama Mashuka
Mshiriki namba kumi na saba

Nakala: Kaka mkubwa. Muuguzi mkuu. Mkuu wa jiko, kwa sharti kwamba asimwonyeshe mpishi.

Baada ya saini: Daktari, nilikuwa nalamba bahasha msaidizi wako akaingia na karatasi ya mwezi huu. Elfu sita na mia tatu! Nilipiga kelele mpaka wenzangu wakazima mashine wakidhani nimeungua. Nikampigia kaka palepale, nikamsomea namba mara mbili, polepole, kama anavyowasomea wanafunzi wake. Akasema, "Basi, namba ni namba. Mama arudi kwako leo."

Msaidizi wako alikuwa bado amesimama. Akasubiri nikate simu, akauliza, "Mama, hivi karibuni uliumwa?"

Nikamwambia hapana. Labda zile siku tatu nne, wiki moja hivi baada ya mama kuondoka, nilipokuwa nakohoa vumbi la pamba. Na sabuni ya kufulia ilikuwa haina harufu kabisa wiki hiyo, nikajua mtunza ghala ametuletea iliyochanganywa na maji, nikamwandikia barua kali ya kurasa mbili.

"Wenzako walikuwa wanaisikia harufu?"

Nikawageukia wenzangu. Wakatazama sakafu.

"Nyumbani ulikuwa unalala na nani?" akauliza.

"Peke yangu."

"Afadhali," akasema.

Nikakaa kwenye kikapu cha foronya. Akanieleza kwamba namba haikupanda hivihivi. Mwili wangu ulikutana na virusi ukapigana navyo, na kwamba huenda chanjo yangu ya zamani, hata kwa mia mbili na kumi, ilinisaidia nisilazwe. Lakini mimi nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu: siku zile ningekuwa namnywesha mama dawa yake ya kifua kila jioni, uso kwa uso.

Kwa hiyo naomba barua hii uichane. Ningekuletea nyingine safi lakini karatasi zimekwisha, za mwisho nilimwandikia mtunza ghala.

Nimempigia mdogo wangu. Nimemwambia asimsikilize kaka, mama abaki huko mpaka ugonjwa upungue, na jioni aje achukue aproni mpya. Akauliza kwa sauti ya woga, "Dada, unaumwa?"

Nikamjibu kwamba, kwa mujibu wa utafiti, nilishaumwa.