Kizibao cha Marehemu Bwana Iddi

Jumanne, 2 Januari 1968
Mwaka mpya jana, Idi leo. Nimefunga Ramadhani nzima bila kukosa hata siku moja, na nimenenepa! Mkanda umegoma kwenye tundu la mwisho. Kosa ni la futari, si langu.

Aibu ya leo lazima niiandike ingawa mkono unakataa. Nilikwenda kwa Bi Mwasiti kumpa mkono wa Idi. Nina posa pale, kwa binti yake Mastura. Alawi wa posta naye kapeleka posa hapo hapo, mtu hana haya. Tukakutana mlangoni. Bi Mwasiti kasema amechoka kusumbuliwa na wanaume wawili. Akatoa kizibao cha mahameli, rangi ya damu ya mzee, alichooa nacho marehemu mumewe, Bwana Iddi. Kumbe ana nadhiri: atakayemwoa Mastura ataoa na kizibao hicho hicho, vifungo vyote vikiwa vimefungwa.

Alawi akavaa. Kilimkaa sawasawa, mwembamba yule. Nikavaa mimi. Pande mbili za kizibao hazikuonana! Nikaomba muda. Bi Mwasiti ana huruma, kanipa mpaka Ijumaa ya tarehe 19, baada ya sala. Nikishindwa, Mastura ni wa Alawi.

Mastura mwenyewe alikuwa chumbani kwenye cherehani yake, nyuma ya pazia la mlangoni, lile la mahameli refu linalofagia sakafu. Cherehani ikanyamaza. Nikasikia mtu anacheka. Hakikuwa kicheko cha dharau, nakijua cha dharau. Nampenda mno binti yule.

Jumatano, 3 Januari
Idi pili. Nimeweka malengo ya mwaka. Karani wa ghala la korosho haanzi jambo bila malengo. Nitapungua nusu. Nitakimbia kila jioni. Nitakuwa na kifua.

Carlota, mke wa jirani yangu mzee Custodio, kaniletea salamu za siri kutoka kwa Mastura. Eti niache sahani ya pili, na niende kazini kwa miguu badala ya kudandia lori la korosho. Ushauri mzuri kwa mtu wa kawaida. Mimi nina tarehe 19.

Wazo! Sita! Nitafunga zile siku sita za Mfunguo Mosi. Si faradhi, thawabu zake kubwa, na hakuna atakayejua kwamba najinyima kwa ajili ya nguo. Mwenyezi Mungu anajua, lakini Yeye ni mwingi wa rehema. Alawi siye.

Alhamisi, 4 Januari
Sita imeanza. Nimefanya siri. Nimewaambia watu wa ghalani tu, na wa sokoni, na msikitini kidogo.

Bi Mwasiti kapata habari kabla ya adhuhuri. Nasikia kafuta machozi, kasema kumbe Muhidini ni kijana mcha Mungu. Magharibi sinia likaingia kwangu. Ubwabwa wa mchele wa Mahurunga, changu wa Msimbati, mihogo ya nazi, tambi. Chakula cha mama mkwe kinarudishwaje? Nimekimaliza. Heshima tupu.

Jumamosi, 6 Januari
Ucha Mungu wangu umevuma. Sasa nyumba tatu zinaniletea futari, na zote zinataka vyombo virudi vitupu.

Leo Alawi kanialika kwake! Yeye hakufunga. Kakaa mbele yangu kakunja mikono, ananisogezea kaimati. Nikisema basi, anasema ongeza ndugu yangu, umeshinda na njaa. Mnafiki! Nimezila zote ili ajue kuwa simwogopi.

Jumatano, 10 Januari
Sita imekwisha. Asubuhi nimepanda mzani wa ghalani kwa siri. Lukasi, mbebaji wetu, katokea nyuma ya magunia. Kasoma mzani kwa sauti. Kisha kawatangazia wenzake kwamba gunia hili limezidi, lipunguzwe korosho. Ghala zima likacheka.

Nimeongezeka! Nimefunga siku sita nimeongezeka! Lukasi kasema labda niache sahani ya pili. Watu wamekosa ubunifu.

Alhamisi, 11 Januari
Sijui nianzie wapi. Jioni nilikwenda Shangani, mtaa wetu wa pwani, kukimbia. Fulana, kaptula, raba mpya. Nikaanza vizuri sana. Uzuri haukufika mbali.

Mzee Custodio analinda nyumba moja kule. Kaniona naja mbio, natweta, macho yamenitoka. Akauliza kuna nini. Pumzi ya kujibu sina. Nikainua mkono kumpa shikamoo. Mkono ukaelekea kusini!

Mzee Custodio na Carlota walivuka Ruvuma mwaka juzi wakiwakimbia Wareno. Hakungoja maelezo. Kapuliza filimbi, kapiga kelele kwamba Wareno wamevuka. Mara Shangani nzima iko barabarani na magodoro kichwani. Bibi mmoja kabeba kuku na saa ya ukutani. Wote wamenipita! Hata bibi wa kuku kanipita!

Alawi kapita na baiskeli, kaona kila kitu.

Balozi wa nyumba kumi kanipiga marufuku kukimbia bila sababu ya maana. Nimemwomba radhi mzee Custodio. Hakunikasirikia, afadhali angenikasirikia. Kasema yeye alikimbia siku moja akiwa na mtoto mgongoni, na hajapata kuelewa mtu anayekimbia na nyuma yake hakuna kitu. Nimeona haya kweli kweli.

Jumatatu, 15 Januari
Nimepunguza. Si mwili, malengo. Kifua kitangoja mwakani. Nusu imekuwa robo.

Carlota kaja na uzi, eti katumwa na Mastura anipime kiuno. Nikavuta tumbo ndani. Kakataa, kasema niliachie, kaagizwa apime nikiwa nimeshiba. Akanipa muhogo, akangoja niumalize, ndipo akafunga fundo kwenye uzi na kwenda zake. Bila shaka Mastura ananitengenezea dawa ya mapenzi. Jamani! Na mimi nilishapenda zamani.

Alhamisi, 18 Januari
Tangu juzi nakunywa maji ya ndimu tu. Na supu ya pweza, kwa ajili ya nguvu. Na chapati, kwa ajili ya supu.

Nimeazima mkaja wa Carlota, ule aliojifunga tumbo baada ya kuzaa. Nikajikaza barabara. Tumbo likapotea! Likatokea mgongoni. Nikashindwa kukaa, nikashindwa kuinama, mwenye duka kanisalimu nikashindwa kujibu. Nimeuvua.

Basi. Kesho Mastura anakwenda kwa Alawi. Nimekaa kitandani nimelia, mtu mzima. Halafu nikala, maana huzuni nayo inataka kitu.

Ijumaa, 19 Januari
KIMEFUNGA!

Nilivaa nimefumba macho. Kifungo cha kwanza. Cha pili. Vyote! Na nafasi ya kupumua ikabaki! Alawi hakuamini, akaomba avae tena. Kikamning'inia kama kimetundikwa kwenye msumari. Huyu bwana kakonda kwa husuda.

Bi Mwasiti alikitazama kizibao, akautazama mlango wa chumbani, akaitazama dari. Kisha kasema nadhiri ni nadhiri, vifungo vimefungwa, na mchumba ni Muhidini. Nimemwangukia miguuni nusura nivunje stuli.

Nimeona pande zote mbili, chini ya makwapa, kuna vipande virefu ambavyo mahameli yake ni mapya zaidi. Kitu cha zamani hicho. Kwapani hakupigwi jua, rangi haifi.

Jambo jingine zuri. Pazia la chumbani, lile lililokuwa likifagia sakafu, sasa linaishia magotini. Nimeiona miguu ya Mastura! Ina hina, imesimama pale pale, haikuondoka mpaka jibu lilipotoka. Kalikata pazia ili nione kwamba ananingoja. Sijapata kupendwa namna hii.

Jumamosi, 20 Januari
Harusi mwezi ujao. Nimeanza kuwapa watu ushauri wa afya, bure. Lukasi nimemwambia siri ni malengo makubwa na kufunga sita. Kanitazama tumboni, kaomba ruhusa akabebe magunia.

Mama mkwe kaleta sinia. Nimekula sahani mbili na sina wasiwasi, mwili sasa umezoea kupungua wenyewe.

Carlota kaleta salamu za Mastura. Eti tafadhali nisinenepe tena kabla ya harusi, kwa sababu pazia limekwisha. Sijaelewa tumbo langu na pazia lao vinahusiana nini. Mambo ya wanawake. Nimemjibu asiwe na hofu, na kama anaelekea jikoni, awaambie waongeze kaimati.