Ombi la Kuniajiria Karani Mkorofi wa Kuninyima Faida Yangu

Alhamisi, tarehe 14

Ndugu Meneja wa Uwekezaji,

Pokea salamu zangu, wewe pamoja na mtambo wako, ambao nasikia haulali.

Mimi ni mtunza stoo katika kiwanda cha magodoro, na ni mteja wenu wa miezi kumi na minne. Mtambo wenu hununua na kuuza hisa kwa niaba yangu bila kuniuliza, na umenipatia faida. Faida hiyo sasa inatosha kununua cherehani ya umeme ya mke wangu, fundi nguo ambaye goti lake limechoshwa na pedali. Muuzaji amekubali kutuwekea hadi Jumamosi. Fedha bado ziko kwenu. Malalamiko yangu, kwa mujibu wa shajara, ni haya:

1. Tarehe 3 nilibonyeza "Toa faida." Simu ikaniuliza, "Je, una uhakika?" Ndugu Meneja, hilo ni swali la kumwuliza mtu mzima? Siku naweka fedha hamkuniuliza. Hata siku ya ndoa niliulizwa kama nakubali tu. Nikabonyeza "Hapana," kwa uaminifu.

2. Tarehe 5 faida ilipanda, nikaona ni ujinga kuchuma tunda linaloendelea kunenepa. Tarehe 9 ikashuka, nikaona ni ujinga kuchuma lililosinyaa. Tarehe 12 haikupanda wala kushuka. Hapo ndipo nilipoogopa hasa, maana kimya kingi kina mshindo mkuu.

3. Mke wangu ameanza kunilinganisha na mtambo. Jana alisema mbele ya wateja wawili: "Bwana Tarehe, mwenzio ameshaamua mara mia tangu asubuhi, wewe bado unachagua kalamu!" Mmoja alicheka hadi akachomwa na pini.

4. Hili ndilo kubwa. Katika stoo yangu hakitoki hata kipande cha sponji bila saini mbili, ya anayetoa na ya anayepokea. Kwenu anayetoa ni mimi na anayepokea ni mimi. Nikijidanganya, nani atanikamata?

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mniajirie karani. Asiwe mpole. Akae nyuma ya dirisha dogo, anywe chai, aniambie nirudi kesho, na kesho aseme faili langu halionekani. Mwaka juzi karani wa namna hiyo alininyima cheti changu cha sekondari. Aliponinyima ndipo nilipojua hasa kuwa nakitaka, nikagoma kuondoka dirishani hadi nikakipata siku ileile, na sijawahi tena kuwa na uhakika kama ule. Mshahara wake ukatwe kwenye faida yangu. Isipotosha, nitaongeza mtaji.

Nisalimie wahasibu, walinzi, na anayefagia chumba cha mtambo.

Wako, mwenye kusubiri kunyimwa,
Mtunza Stoo

Nyongeza: Nilipokwenda kutafuta bahasha, mke wangu aliisoma barua hii, akachukua simu yangu. Namba ya siri anaijua, kwa kuwa ni tarehe ya ndoa yetu. Swali lenu lilipotokea alibonyeza "Ndiyo" kwa kidole gumba, mkasi ukiwa mkono wa pili. Nikamwuliza uhakika huo kautoa wapi. Akasema, "Kwenye goti, mume wangu. Haya, vaa viatu, cherehani haitajibeba." Basi karani msiajiri tena. Nafasi hiyo imejazwa hapa nyumbani, na huyu hasemi njoo kesho.