Ombi la Kurefushiwa Safari ya Ndege ya Papa Westray hadi Westray

Kwa Msimamizi wa Ndege za Visiwani,
Kirkwall, Orkney.

Ndugu Msimamizi,

Natumaini u mzima na upepo haujakuchosha. Mimi ni Mansie Rendall, mfugaji wa kondoo hapa Papa Westray, na kwa heshima zote nalalamikia ndege yenu ya kwenda Westray. Safari yake ni fupi mno. Kilomita hazifiki tatu, dakika hazifiki mbili, na upepo ukitusukuma hata moja haitimii. Hiyo si safari, ni kuruka mtaro.

1. Kila Jumanne mwalimu wetu wa fidla, Bi Thora Drever, hurudi kwao Westray kwa ndege hiyo, nami hupanda nikisingizia kumpelekea shangazi yangu mayai. Nataka kumposa. Huku chini haiwezekani: ukinong'ona jambo dukani, mama yako analo kabla hujafika nyumbani. Angani tu, kwa kelele za injini, ndipo anaposikia jirani wa kiti peke yake. Lakini kila nikifika "Thora, kwa muda mrefu nime...", magurudumu yanagusa ardhi. Mwaka wa pili huu. Shangazi amenionya, "Mansie mwanangu, ukileta yai jingine nitaanza kutaga mwenyewe."

2. Watalii. Wanapanda kwa ajili ya kile cheti cha safari fupi kuliko zote duniani mnachowapa, kisha wanarudi walikotoka. Juzi mmoja alijibana katikati yetu, akaniuliza, "Mzee, mbona jasho? Unaogopa ndege?" Nina miaka arobaini na moja!

3. Mnapanga viti kwa uzito. Siku nyingine yeye mwembamba mbele, mimi mkiani. Nilipotaja kilo pungufu ili nisogezwe mbele, rubani alicheka mbele ya watu: "Mansie, danganya kondoo wako, usiidanganye ndege." Hilo liliniuma sana.

Kwa hiyo naomba ndege ikishapaa ipitie Bergen, Norwe. Mafuta yasipotosha, izunguke North Ronaldsay mara kumi. Na kama hilo nalo ni zito, basi serikali ikisogeze kisiwa cha Westray magharibi kidogo. Bahari ya huko ni tupu, hakitamsumbua mtu.

Nisalimie wote ofisini, mafundi, na yule dada wa simu anayezijua kilo zangu.

Wako mtiifu, subira ikielekea kwisha,
Mansie Rendall

Tanbihi: Kabla sijabandika stempu, Jumanne ikafika. Ukungu ulifunika Westray, ndege ikatupeleka moja kwa moja Kirkwall. Abiria tulikuwa wawili tu, bega kwa bega, robo saa nzima. Nikamweleza ugonjwa wa kwato za kondoo, mwanzo hadi mwisho. Tuliposhuka, mbele ya wapakia mizigo, Thora akapaza sauti: "We Mansie, nimechoka kukungoja. Unanioa au hunioi?" Nikaitikia papo hapo, nikilia kama mtoto. Basi, ndege iacheni ilivyo. Ingekawia kidogo tu, ningeanza habari za minyoo.