Chupa Inayobishana na Tanuru Letu

Mgodi wa Isambula, Geita
9 Machi 1953

Kwa Bwana Mkaguzi wa Vipimo,
Ofisi ya Kampuni, Shinyanga.

Bwana Mkaguzi,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, tanuru ni zima, mizani nayo haijambo. Anayetusumbua hapa ni ile chupa yako, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Ulipopita kutukagua uliniachia chupa ya unga wa mawe, ukasema kiasi cha dhahabu kilichomo kinajulikana kwa hakika na kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni. Kazi yangu iwe kuyeyusha unga huo kidogo sambamba na mawe ya mgodi. Nikipata kilekile kilichoandikwa, vipimo vyangu vyote viaminike. Nimefanya hivyo, na kila mara napata dhahabu zaidi. Nilitarajia pongezi. Badala yake umeniandikia nisitoe jibu la jiwe la mtu yeyote mpaka mimi na chupa tupatane. Bwana, nimeumia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Chupa hii ni mgeni. Ilijazwa Ulaya, ikaja kwa meli, kisha kwa treni hadi Shinyanga, kisha kwa lori hadi hapa. Mgeni akikaa mahali penye chakula hunenepa, hilo halina ubishi. Unga umefika katika nchi ya dhahabu, umeneemeka, ila karatasi yake imebaki na habari za zamani.

2. Nimekusanya maoni. Mimi nasema dhahabu ni nyingi. Herman, anayechochea moto wa tanuru, anasema ni nyingi. Mizani inasema ni nyingi. Chupa peke yake ndiyo inayokataa, na sijaona baraza linaloendeshwa kwa kumsikiliza mmoja aliyenuna pembeni.

3. Umeagiza kila jiwe liyeyushwe katika chungu kipya, kisha chungu kitupwe. Hili limenisikitisha kuliko yote. Mama yangu, Apolonia, anapikia maharage katika chungu alichopewa alipoolewa, na hakuna jirani anayemfikia kwa ladha. Chungu kikongwe kimekolea, hata chumvi hakidai sana. Kwa hiyo vyungu vyako vipya nimevitunza sandukuni, natumia kimoja tu, kile kilichokwisha kuizoea dhahabu ya mgodi. Ungekiona ndani kinavyong'aa ungekipenda.

4. Yuko Mzee Mageni wa upande wa Chato, baba wa mchumba wangu Nyamizi. Aliniletea mawe ya shambani kwake, nikampimia katika chungu hichohicho, nikakuta dhahabu. Akanishukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja, hakunyamaza, akatamka mbele ya ndugu zake kwamba mkwe aliyemgundulia utajiri hadaiwi ng'ombe wa mahari. Sasa amepanga kuswaga ng'ombe wake wote mnadani anunue pampu na baruti, na nyumba ataibomoa, maana mwamba wa dhahabu unapita chini yake. Anasubiri cheti changu chenye mhuri tu, nacho wewe umekizuia kwa ajili ya chupa. Niseme wazi, Bwana: nampenda Nyamizi, na ng'ombe sina.

5. Kwa hiyo naomba chupa iachishwe kazi. Mahali pake tusage mawe ya Mzee Mageni, tuyatie katika chupa zetu, nami niandike karatasi kwa mkono wangu. Zipelekwe migodi yote, Ulaya pia. Mpimaji atakayekosa jibu langu asimamishwe mpaka apatane nami.

Nisalimie mama watoto, makarani wote, na yule dereva aliyekuja nawe akamaliza karanga zetu. Herman anakusalimu kwa mikono yenye masizi.

Ni mimi mpimaji wako, ninayesubiri haki,
Donatus Mabula

Nyongeza: Lori la barua limekwama matopeni, nikapata nafasi ya kuiaibisha chupa kabisa. Nilichota mchanga wa mlangoni kwangu, nikauyeyusha katika chungu changu. Dhahabu ikatoka. Nikafurahi kwamba hata mimi nakanyaga utajiri. Herman akashauri tuyeyushe peke yake ile dawa tunayochanganya na mawe ili yayeyuke, bila jiwe wala mchanga. Dhahabu ikatoka tena. Tukatazamana. Nikafungua sanduku, nikatoa chungu kipya, nikatia unga wa chupa: jibu likawa lilelile la kwenye karatasi. Mawe ya Mzee Mageni, katika chungu kipya, hayakutoa kitu. Kumbe chungu changu kilikuwa kinakula dhahabu ya mgodi na kuwagawia wageni.

Karatasi nyingine sina, kwa hiyo naomba usisome hayo ya juu. Chupa ibaki kazini. Nimempelekea Mzee Mageni ujumbe asiuze hata ndama. Amejibu kwamba anashukuru sana ng'ombe wake wamebaki zizini, na anauliza wangu watafika lini.