Mashine ya Kupandia Iondolewe Nyumbani Kwangu

S.L.P. ya Kanisa,
Muleba.

Ndugu Afisa Kilimo wa Kata,

Kwanza pokea pongezi zangu. Miaka mingi mmekuwa mkituletea vitu visivyofanya kazi, nasi tukaishi navyo kwa amani. Safari hii mmekosea, mmeleta kinachofanya kazi. Nazungumzia mashine ya kupandia mahindi na soya, ile ya kusukuma kwa mkono, mliyokipa kikundi cha mke wangu, Renatha. Naomba kwa heshima ichukuliwe, kwa sababu hizi:

1. Inapanda mistari iliyonyooka. Shamba letu la rweya, kule kwenye nyasi nje ya kibanja cha migomba, sasa linapendeza hadi wapita njia wanauliza ni la nani. Nikisema ni langu wanacheka, maana wamemwona aliyelipanda.

2. Ina haraka. Kazi iliyomchukua Renatha na jembe lake siku nyingi, sasa inakwisha kabla ndizi za mchana hazijaiva jikoni. Wewe msomi, niambie: mwanamke aliyemaliza kazi asubuhi, mchana afanye nini? Wangu anakaa uani na kuniuliza maswali.

3. Maswali yenyewe ni ya kahawa. Wewe ni Mhaya, sina haja ya kukufundisha: maharage na mahindi ni ya mama, kahawa ni ya baba. Mama huivuna, huianika, huichambua. Baba huchoka kwa kwenda kuiuza. Ndivyo tulivyogawana kazi, na sijasikia kahawa ikilalamika. Jumatatu Renatha alivaa viatu vya kanisani akanifuata hadi chama cha msingi cha ushirika, akasimama kando ya mzani wa kahawa. Karani akampa kiti. Mimi hajawahi kunipa kiti.

4. Ugonjwa huu unaambukiza. Mke wa jirani yangu Ishengoma naye ameanza kuulizia mzani. Mkinyamaza, mwakani wake zetu watataka kujua bei, kisha watatushauri, na mwisho, Mungu apishie mbali, watakuwa wametushauri vizuri.

Napendekeza mashine ipelekwe kisiwani Goziba. Kule watu wanavua samaki, haitamdhuru mtu. Sisi tuleteeni majembe tuliyoyazoea.

Wasalimie wote ofisini, na mama watoto wako pia, ila yeye usimsomee barua hii.

Wako katika ulinzi wa kahawa,
Kaijage,
Baba mwenye nyumba (hadi sasa).

N.B. Barua hii ilikuwa bado mezani ikingoja mtu wa kuileta. Jana Renatha alirudi kutoka kumpandia mwanakikundi mwenzake, akaingia jikoni amenyooka mgongo, anaimba. Mama yangu alipanda kwa jembe mpaka tukamzika, na sikumbuki hata siku moja kumwona amenyooka. Nimeumia sana. Mashine iacheni hapa. Ila kisahani chake cha kudondoshea mbegu za soya kimeanza kukwama, naomba fundi aje kabla ya msimu ujao. Akifika asiniulize mimi, amwulize Renatha.