Nilipopiga Goti na Dari la Boti

Mmemcheka Mwanahamisi tangu asubuhi humu kwenye grupu, eti kadondoka na sinia la pilau ukumbini. Hebu mwacheni mtoto wa watu. Kuumbuka hamkujui nyie. Niliumbuka mie, Mwanaidi, tena mbele ya mgeni rasmi, na wakati huo wengine humu hata mama zenu walikuwa hawajaolewa. (Naandika kwa kidole kimoja, nivumilieni.)

Ilikuwa enzi za Ujamaa, mie ndiyo kwanza nimeolewa huku Kigamboni. Tulikuwa na kikundi cha kushona: mie, Fatuma mama Chausiku, Zena, Kuruthumu na Mama Agnesi wa Songea. Tunashonea barazani kwa Fatuma. Mvua ikinyesha, tunabeba cherehani kama tunabeba maiti, tunakimbilia jikoni kwake na moshi wote ule. Tulikuwa tunataka chumba. Basi! Pale ofisini kwa ushirika wa wavuvi kilikuwepo kimoja, hakina kazi, wanalala popo.

Siku hiyo mwenyekiti wa ushirika, Mzee Kibwana, akatuita asubuhi.

"Mgeni rasmi anakuja mchana kuizindua boti. Dari la ndani linatuaibisha. Lishoneni. Mkilinyoosha, habari ya chumba nitaisema mbele yake, nanyi mpo."

Boti yenyewe ilikuwa kuukuu, kaiacha Mzungu mmoja baada ya Uhuru. Ilikuwa na kichumba cha kukaa abiria, na dari lake ni la kitambaa lenye sponji ndani. Sasa lile dari! Lilikuwa limelegea, linaning'inia katikati kama tumbo la mja mzito wa mapacha. Ukisimama linakupapasa kichwa. Kichumba kidogo, nikaingia mie peke yangu, wenzangu wakabaki gatini.

Nahodha, Mzee Mshamu, kasimama mlangoni kama askari wa gereza la Ukonga.

"Binti, huku nyuma usipaguse. Kuna nyaya za taa."

"Kwani taa zinawaka?"

"Haziwaki."

"Sasa nyaya za nini?"

"We shona!"

Nikashona. Mkubwa kasema.

Ile sponji ilikuwa imeoza, ukiigusa inamwagika unga wa njano. Machoni, puani, mdomoni. Nikavua kanga ya begani nikajifunga kichwani, fundo likaja chini ya kidevu, nikalikaza haswa. Nikapanda juu ya benchi. Mpango wangu ulikuwa kutandaza kitambaa kipya cha marekani chini ya kile cha zamani, kisha nivishone pamoja kwa shazia, ile sindano ya magunia. Uzi nikachukua wa nyavu. Uzi wa nyavu haukatiki, papa mwenyewe anaujua.

Kule nyuma kwenye nyaya nikaona mavimbevimbe. Sikugusa. Nilivuta uzi tu, nikakaza, nikakaza, mpaka pakawa bapa kama meza. (Nilijisifu hapo. Nilijisifu sana.)

Ikabaki katikati, penye lile tumbo. Mikono miwili haitoshi, mmoja una shazia, mwingine unavuta uzi. Nani abebe kitambaa? Nikakibeba kwa kichwa. Nikasukuma dari juu kwa utosi, huku nashona kwa kupapasa. Chomeka, vuta. Chomeka, vuta. Nikafunga fundo la mwisho, nikakata uzi kwa meno.

"Fatuma! Nimemaliza!"

Nikataka kushuka. Kichwa kikakataa.

Nikavuta. Kikakataa tena.

"Fatuma, njoo. Nimeshonwa."

"Umeshonwa? Na nani?"

"Na mie mwenyewe!"

Fatuma akaja, akatazama, akaweka mkono mdomoni. Kanga yangu ya kichwani nimeishona na dari, mishono mikubwa, mizuri, ya uzi wa nyavu.

"Mkasi uko wapi?"

"Wameuchukua. Uko kwenye sinia pale gatini, mgeni atakatia utepe."

"Basi nifungue fundo!"

Akajaribu. Limelowa jasho, limekuwa jiwe. Na hata lingefunguka, nibaki kichwa wazi mbele ya wanaume wote wale? Bora waniache humo, boti iende na mie.

Mara vigelegele nje. Wamekuja kabla ya wakati!

"Simama hivyo hivyo," Fatuma akaninong'oneza. "Tabasamu. Watadhani unaonyesha kazi."

Nikatabasamu. Nimesimama juu ya benchi, kichwa kimegota darini, sindano mkononi.

Akaingia mgeni rasmi, mtu mfupi, suti ya mikono mifupi imenyooka. Nyuma yake Mzee Kibwana, kisha Mzee Mshamu kavaa kofia ya unahodha. Mgeni akatazama juu.

"Hili ndilo lililokuwa limelegea? Loo! Kazi safi."

Mzee Kibwana naye, Mungu amrehemu, akatimiza ahadi.

"Ndugu mgeni, akina mama hawa wanaomba kile chumba cha ofisini wawe wanashonea."

Mgeni akanigeukia. Wote wananitazama mie. Mzee Kibwana kanikodolea macho: salimia wewe!

Sasa jamani, mie nimelelewa na bibi yangu kule Rufiji. Kwa bibi yangu, mwanamke hamwamkii mkubwa akiwa wima. Ukitamka shikamoo magoti yanakwenda chini. Hayasubiri kuambiwa.

"Shikamoo, Ndugu mge..."

Magoti yakaenda.

Praaaaa! Fito za pembeni zilizoshika dari zikang'oka zote. Dari zima likanifuata, la zamani na jipya, na unga wote wa sponji. Kiza. Chafya kila upande. Halafu nikasikia, ndu! Ndu! Nduu!

Nikachungulia kwenye upenyo. Mama yangu weee! Miche ya sabuni inadondoka kutoka juu! Mmoja ukamtwanga mgeni rasmi begani. Vikafuata vifurushi vya sukari, vinapasukia sakafuni. Sabuni! Sukari! Wakati dukani kila siku tunaambiwa hakuna, watoto tunawaogesha kwa majani ya mpapai!

Fatuma akasema, kwa sauti ile yake ya kuitia kuku:

"Kumbe ndizo nyaya!"

Nikasikia chubwi! Mzee Mshamu kajitupa majini, na kofia yake.

Mgeni akaokota mche mmoja, akaunusa. "Mwenyekiti, hili ni dari au duka?"

Mzee Kibwana kageuka wa njano kwa unga wa sponji. Mie bado nimepiga goti, marekani imenifunika mpaka miguuni kama bibi harusi. Nikajua chumba kimekwenda na maji. Mgeni akaja, akaufunua upindo wa ile marekani taratibu, kama bwana harusi anavyomfunua mkewe.

"Marahaba, mama. Nani kashona hapa?"

"M-mie."

Akavuta ule uzi kwa mikono miwili. Haukukatika. Akatazama fito zilizong'oka, akatazama tena uzi.

"Mwenyekiti, wapeni chumba. Ila kama kina dari la kitambaa, wasiliguse."

Kisha akaagiza mkasi. Ukaletwa na sinia lake, na kitambaa chake cheupe. Akakata kanga yangu pale iliposhikana na dari, akaniachia ya kufunika kichwa. Waliokuwa nje wakachungulia dirishani, wakaona mgeni rasmi kashika mkasi, kakata. Ngoma ikalia! Vigelegele! Makofi!

Utepe ulibaki pale gatini, hakuna aliyeukumbuka.

Basi Mwanahamisi mwanangu, futa machozi. Wewe ulidondoka tu. Mwenzio nilizinduliwa.