Warsha Yangu na Duara la Mwakitolyo

Jumatatu, 5 Mei
Mkuu wa chuo ametangaza. Alhamisi anakuja Ushirombo Mama Generosa, mtathmini, kupima kama ile warsha yangu ya kuvutia na kubakisha wanafunzi wa kompyuta imezaa chochote. Ikionekana imezaa, ukuu wa idara ni wangu. La sivyo, anapewa mwalimu mwenzangu Marcel. Marcel! Mtu anayezima kompyuta kwa kuchomoa waya ukutani. Roho inaniuma hata kuandika.

Jumanne, 6 Mei
Balaa. Darasa zima linanong'ona kwamba huko machimboni Mwakitolyo kuna duara, shimo la wachimbaji, limetema dhahabu. Maige, kiranja, kaja na mabuti ya mpira. Wakienda, nimekwisha! Nikawaapia kwamba nimetoka huko juzi, nimeshuka shimoni mwenyewe, hakuna kitu, mawe matupu. Wakatazamana. Maige akanishukuru kwa adabu zote, wabeja sana mwalimu. Nimewaweza. Marcel alisikia dirishani, akacheka. Wivu tu.

Jumatano, 7 Mei
Darasa tupu! Yupo Sesilia peke yake, na ni kwa sababu amevunjika mguu. Nikamuuliza wamekwenda kufanya nini, na nilishasema hakuna kitu. Akanitazama kwa huruma. Akasema huku kwetu mtu akitoka machimboni akaapa hakuna kitu, ujue ameona. Hata waliokuwa wakibisha waliamini waliposikia nimeshuka mwenyewe. Eti nataka kula peke yangu. Mimi, ambaye Mwakitolyo sijawahi kukanyaga!

Alhamisi, 8 Mei
Nikamwambia Mama Generosa wanafunzi wako kwenye mafunzo kwa vitendo. Akaomba kuongea na kiranja. Maige akapokea simu ya video, uso wote vumbi, nyuma yake watu wanavuta kamba. Akanipa shikamoo. Kisha akaniomba, mbele ya mkuu wa chuo, nimwelekeze duara nililoshuka ni lipi. Mama Generosa akaandika kwa muda mrefu. Akasema warsha imebakisha mwanafunzi mmoja, akampongeza Sesilia.

Jumapili, 11 Mei
Idara kapewa Marcel. Nimeshindwa hata kula. Jana kaenda Mwakitolyo, kawarudisha wanafunzi wote, wanamshangilia. Leo kanishika bega sokoni, kasema kwa upole kule hakuna kitu, mwalimu mwenzangu, wala usijisumbue.

Hakuna kitu! Na mbona kawaondoa wote haraka hivyo? Anadhani mimi mtoto. Nimeazima sururu kwa jirani yangu Bujiku. Kesho napanda gari la alfajiri.